Muwati wa Sajini

Kila Disemba, wakati majirani wanahangaika kutundika taa za Krismasi, Mervyn Tolhurst aliingia pori la Callaway na mashuka ya kitanda begani. Yalikuwa mashuka ya marehemu mkewe, ya maua ya waridi, yamefuliwa na kukunjwa vizuri. Aliyatandika chini ya mti mmoja pale mlangoni pa pori, akayabana kwa mawe kila pembe, kisha akarudi zake nyumbani kunywa chai. Waliokuwa wakitembeza mbwa walimpita kimya kimya, na wakishafika mbali wakasemezana kwamba mzee wa watu tangu afiwe kichwa kimemruka. Sitawalaumu. Ukimwona mtu anautandikia mti kitanda, utasema nini kingine?

Lakini Mervyn akili zake zilikuwa timamu kabisa. Alikuwa anadaka mbegu.

Mti wenyewe ulikuwa muwati wa Cootamundra, jamaa ya mgunga. Mwezi wa saba, baridi ya Sydney ikiwa imebana hasa, ulichanua manjano matupu kutoka shina hadi ncha, na watu walisimamisha magari barabarani kuupiga picha. Lorna, mkewe Mervyn, aliupanda kwa mikono yake mwaka ule kikundi cha kujitolea cha kulitunza pori kilipoanza, ili kila anayeingia porini ajue kwamba sasa pana wenyewe. Shida ilikuwa moja tu. Muwati wa Cootamundra kwao ni mbali, ng'ambo ya milima. Hapa Callaway ni mgeni, tena mgeni wa wale wenye majina mabaya: mbegu zake hulala ardhini miaka na miaka, na zikiamka huota kwa fujo mpaka mimea wenyeji ikose pa kupumulia. Watu wa kikundi walikuwa wakitambaa kwa magoti kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na visu vya jikoni mkononi, kung'oa kila mche usio wa pale. Kuwa na mti ule mlangoni kulikuwa sawa na polisi kumfuga mwizi sebuleni.

Na Mervyn alikuwa ameahidi kuukata.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inamla. Aliahidi mbele ya taa nyekundu za barabarani, katika msimu wa mwisho wa baridi wa Lorna. Siku hiyo Lorna alikuwa hawezi tena kutambaa, akakaa kwenye benchi chini ya muwati wake akiwasimamia wenzake kwa mdomo. Kioo chake cha kukuzia kilikuwa kinaning'inia shingoni kama kawaida. Kwa kukosa la kufanya akachuma jani, akalitazama kwa kile kioo. Akachuma la pili. Halafu akanyamaza, na Lorna Tolhurst hakuwa mtu wa kunyamaza.

Ndani ya gari alisema, "Merv, mti wangu si wa hapa."

"Mti gani?"

"Usijitie ujinga. Nimewafokea watu miaka yote hii kwa kila jani, wa kwangu sijawahi hata kuutazama. Nilinunua mche kwenye mnada wa kanisa, nikaona manjano, basi, nikajua ni wa kwetu." Akageuka. "Wewe ulikuwa unajua?"

Mervyn alikuwa anajua. Alijua zamani, tangu mti ule haujamfika kiunoni, na hakuwahi kuwa na moyo wa kumwambia. "Sikujua," akasema, macho barabarani.

"Na wale wengine?"

"Hajui hata mmoja."

Lorna akashusha pumzi. "Afadhali. Nitawaambia mwenyewe nikipata nguvu. Nawe uukate, Merv, kabla haujamwaga mbegu. Niahidi."

Akaahidi. Taa zikawa kijani, akaendesha. Lorna hakupata hizo nguvu, na maganda ya mbegu yalipokauka Disemba ile, yeye alikuwa keshazikwa. Mervyn akaenda na msumeno hadi chini ya mti, akasimama pale, akarudi nao. Kesho yake ndiyo akaenda na mashuka. Alijiambia kwamba ikiwa hakuna mbegu inayofika ardhini, ahadi haijavunjika, imecheleweshwa tu. Alijiambia hivyo Disemba ya pili, na ya tatu, na mtu akijiambia jambo mara tatu huanza kuliamini.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Nyumbani nguo za Lorna alikuwa amekwisha kuzitoa, harufu yake ilikwisha kutoka kwenye mito. Mti ule ulikuwa ndicho kitu pekee cha Lorna kilichokuwa bado kinakua.

*

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba walikutana mlangoni kama desturi. Muwati ulikuwa umechanua kwa kiburi, na chavua ya manjano imeujaza udongo wote wa chini yake. Spiro Kalogeras alikwisha kuteremsha birika kubwa la chai na sahani ya vile vibiskuti vya mkewe vyenye sukari ya unga, ambavyo ukivila ukiwa umevaa nyeusi umeumbuka.

Spiro alikuwa fundi bomba mstaafu, mtu wa kifua na sauti, na tangu zamani alikuwa amepigwa marufuku kushika msumeno porini. Lorna ndiye aliyempiga marufuku. Siku moja, kwa bidii zake, Spiro alifyeka mti mchanga wa kienyeji akidhani ni gugu, akaja nao begani akitabasamu kama aliyeua simba. Lorna alimpokonya msumeno palepale. "Wewe kuanzia leo ni mtu wa mikono mitupu mpaka niseme vinginevyo," alimwambia. Hakuwahi kusema vinginevyo. Na Spiro, pamoja na kifua chote kile, alitii hadi leo, miaka mitatu baada ya mazishi. Yeye ndiye pia aliyempa Lorna jina la Sajini.

Kazi ya msumeno ilikuwa na utaratibu wake. Vichaka vikubwa hawakuving'oa, maana kung'oa kunatibua udongo. Walikata na kupaka. Mmoja anakata shina chini kabisa, na mwenzake aliyechuchumaa pembeni na kichupa cha dawa nyekundu anapaka kile kidonda papo hapo, kabla mti haujafunga mishipa yake. Ukichelewa kidogo tu, dawa haiingii, mti unachipua tena na umefanya kazi bure. Kwa hiyo walifanya wawili wawili, na wawili wakishazoeana hawaachani. Lorna alikata, Mervyn alipaka. Kwa miaka yote hiyo Mervyn alilijua pori la Callaway akiwa nyuma ya buti za mkewe. Tangu afiwe hakuwa na mwenza, na hakuna aliyejipendekeza kuwa mwenza wake. Alikuwa anang'oa majani madogo peke yake.

"Merv, bwana, unakula au unatazama?" Spiro alimsogezea sahani. "Mke wangu atanihesabia vikirudi."

"Mkeo anataka kuniua kwa sukari."

"Anataka kukunenepesha. Anasema ukisimama nyuma ya mkaratusi hatukuoni."

Dilani Weeraratne alicheka ndani ya kikombe chake. Alikuwa muuguzi wa hospitali, mdogo kuliko wote pale, mwanafunzi wa mwisho wa Lorna, na alikuwa ametoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja bila kulala.

Ndipo akaja Kirralee Boyd, yule dada wa halmashauri anayesimamia mapori, akiwa na ramani mkononi na habari njema mdomoni. Ombi lao limekubaliwa: mwisho wa baridi kikosi cha zimamoto kitakuja kulichoma pori la Callaway kwa makusudi, moto mdogo wa kutambaa. Watu wakapiga makofi. Pori la huku halichomwi kwa chuki. Mbegu zake nyingi hukaa ardhini zikisubiri moshi, na bila moto zinazeeka humo humo.

"Ila," Kirralee akasema, na sauti ikashuka. "Mbegu za wageni nazo huamshwa na joto. Kila mgeni mkubwa aliyemo ndani ya mstari inabidi atoke kwanza." Hakunyoosha kidole. Alitazama juu tu, kwenye yale manjano. "Samahani, Mervyn. Najua ni mti wa nani."

Watu wote wakatazama juu pamoja naye.

"Haukatwi," Spiro akasema.

"Spiro, majani yake tu yanaonyesha si wa hapa."

"Si wa hapa, si wa hapa! Mimi ni wa hapa? Mimi nimezaliwa Kalamata, ng'ambo ya bahari. Mbona mimi hamjanikata?"

"Tunasubiri halmashauri ikupangie tarehe," Dilani akamwambia, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutafuta nafuu.

Lakini Spiro hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Nisikilizeni. Mimi nimetambaa humu na magoti haya mpaka daktari akanigombeza. Nimetii kila sheria. Leo naomba sheria moja ifumbe macho. Ule ni mti wa Sajini. Alioupanda mwenyewe. Mnataka tumwambie Merv aje Jumamosi atazame kisiki? Tupige kura. Nani anataka mti ubaki?"

Mkono wake ukawa wa kwanza. Wa Dilani ukafuata, huku mwingine unafuta macho. Mmoja mmoja wote wakanyoosha, hata wale wawili wakali ambao wangeweza kukesha wakibishana kuhusu mche mmoja wa jamaa ya mzabibu. Watu ambao hawakuwahi kumsamehe mgeni yeyote porini walisimama pale, glavu zina udongo, wakimsamehe huyu mmoja kwa ajili ya mzee mmoja.

Kirralee akaitazama ramani yake. Akaikunja. "Haya. Nitaomba mstari wa moto upite nyuma yake. Lakini mjue mtang'oa watoto wake mpaka mkome."

"Tutang'oa," Spiro akasema. "Merv? Sema neno, bwana."

Mervyn alikuwa amepewa mti wake bure, na watu waliompa walikuwa wanamtazama kwa upendo ambao hakujua aupeleke wapi. Alichotakiwa ni kuendelea kuificha ile ahadi tu. Basi.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

Akaaga mapema kwa kisingizio cha goti, akachukua njia ya kwenda kwenye gari.

*

Njia ile hupita kando ya mwamba, na chini ya mwamba pana uwanja mdogo wa yale maua ya kienyeji yaitwayo flana, meupe na laini ukiyagusa kama shavu la mtoto. Ndipo walipoanzia kazi. Lorna aliwafundisha hivyo: usianze palipoharibika zaidi, anza palipo pazima, kisha usukume nje polepole, ili pori lijirudishe lenyewe. Uwanja wa flana ndipo palipokuwa pazima alipoanzia. Alikuwa akiupitia kila mwezi, kwanza kabla ya kazi na mwisho baada ya kazi, kama mama anayechungulia chumba cha watoto waliolala.

Mervyn hakuwa na nia ya kusimama. Alisimama kwa sababu goti lilikuwa linauma kweli, kile kisingizio kimegeuka kuwa kweli, na alipoinamisha kichwa akaona kitu cha buluu katikati ya weupe.

Mche. Majani membamba yaliyopangana kama kitana, yenye rangi ya buluu ya majivu, sawasawa na ya muwati. Pembeni yake mwingine. Na mwingine. Midogo, ya umri wa mwaka mmoja hivi, imejipanga katikati ya maua ya flana kama watu waliokwisha kufungua mizigo yao.

Akatazama nyuma. Muwati ulikuwa mbali, mashuka yasingefika hapa hata angenunua ya hoteli nzima. Ni upepo, au ndege, au sisimizi, ambao hubeba mbegu hizi wakapeleka nyumbani. Miaka mitatu alikuwa anadaka mbegu zilizoanguka miguuni pake, na zile zilizoruka hakuziona, kwa sababu hakutaka kutazama. Lorna hakusema zidakwe. Alisema ukatwe.

Akapiga goti. Akachomoa ule wa kwanza taratibu, mzizi ukatoka mzima, akashindilia udongo kwa vidole kama alivyofundishwa. Halafu akabaki amepiga goti, na huzuni ikamjia waziwazi, akalia pale chini ya mwamba kama ambavyo hakuwahi kulia tangu siku ya mazishi. Alilia kwa sababu alimpenda, na kwa sababu kumpenda kulikuwa kunataka afanye jambo asilolitaka. Akajifuta kwa mkono wa shati. Akaenda hadi kwenye gari, akafungua buti, akayasogeza mashuka, akatoa msumeno wa Lorna pamoja na ala yake ya ngozi, na kile kichupa cha dawa. Akarudi alikotoka.

Wenzake walikuwa wanasuuza vikombe. Dilani ndiye aliyemwona kwanza, na akaona kilichokuwa mkononi.

"Mzee Merv? Goti vipi?"

Mervyn akafungua kiganja, akawaonyesha mche. "Nimeutoa kwenye flana. Iko mingine."

"Tutaing'oa," Spiro akasema haraka. "Mambo madogo hayo. Rudi nyumbani upumzike."

"Spiro, nyamaza kidogo ndugu yangu, nikinyamaza mimi sitasema tena." Akawageukia wote. "Lorna alijua."

"Alijua nini?"

"Mti. Alijua si wa hapa. Aligundua ile baridi ya mwisho, pale kwenye benchi, na kioo chake. Akaniambia niukate. Nikamwahidi. Alitaka awaambie mwenyewe, hakuwahi. Aliona aibu." Akaugeuza ule mche kiganjani. "Aliniuliza kama mimi nilikuwa najua, nikamwambia sijui. Nilikuwa najua siku zote. Akauliza kama nyinyi mnajua, nikamwambia hajui hata mmoja."

Spiro akaketi juu ya boksi la vifaa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mervyn akadhani analia, mpaka aliposikia kwamba ni kicheko, au vyote viwili.

"Panagia mu," Spiro akamwita Mama wa Mungu kwa lugha ya kwao. "Merv. Sisi sote tulikuwa tunajua."

"Mlijua nini?"

"Mti! Tangu umechanua mara ya kwanza! Nani angethubutu kumwambia? Wewe ungemwambia? Mimi na rekodi yangu?"

"Mimi wiki yangu ya kwanza nilifungua mdomo nimwulize," Dilani akasema, "huyu akanikanyaga mguu hadi ukucha ukawa mweusi."

"Nilikukanyaga kwa usalama wako, bibie."

"Tukadhani wewe ndiye hujui," mmoja wa wale wakali akamwambia Mervyn. "Tukasema, asije akajua sasa, amefiwa."

"Mashuka mliyaona?"

"Merv," Spiro akasema kwa upole ambao hakuwa nao kila siku, "mashuka ya maua ya waridi, katikati ya pori, bwana. Hata abiria wa ndege waliyaona."

Mervyn akacheka. Kilikuwa kitu cha ajabu kucheka namna ile, machozi bado hayajakauka. Alikuwa amembebea mkewe siri, na watu wote hawa walikuwa wamembebea mkewe siri ile ile, kila mtu na upande wake, wakipishana nayo kila Jumamosi na kusalimiana. Na Lorna aliondoka duniani akiamini heshima yake haijaguswa, na kweli ilikuwa haijaguswa. Walikuwa wamempenda hivyo hivyo na mti wake.

"Aliniambia niukate kabla haujamwaga mbegu," akasema. "Nimechelewa. Sitaki kuchelewa tena. Nawashukuru kwa kura yenu, lakini naomba muifute."

Akautoa msumeno kwenye ala. Akamnyooshea Spiro mpini.

Spiro akaiweka mikono nyuma mara moja, kama mtoto. "Hapana, hapana. Mimi nimekatazwa."

"Adhabu imekwisha."

"Hakusema yeye."

"Naye alikosea mti, Spiro. Mmelingana." Mervyn akashika mkono wake mkubwa akauvuta mbele, akaufumbata kwenye mpini. "Mimi sijui kukata. Sijawahi. Mimi ni mpakaji. Nahitaji mtu wa kukata."

Spiro akautazama ule msumeno. Mpini wake ulikuwa umelika mahali vidole vya Lorna vilipokuwa vinakaa. Akafuta kiganja kwenye suruali. "Basi niambie mti ni huu huu," akasema. "Niambie kwa mdomo. Nisije nikakosea tena."

"Ni huu huu."

Wakaenda. Dilani akaondoa benchi. Wengine wakashika matawi ili mti usiangukie maua ya pembeni. Spiro akapiga magoti huku analalamika magoti, akaanza kukata, na kila msumeno ulivyovutwa, ule unga wa manjano ulimwagika juu ya kofia zao, mabegani, shingoni ndani ya kola. Kirralee alipiga chafya, akaomba radhi, akapiga tena. Mervyn alichuchumaa upande wa pili, kifuniko cha kichupa amekwisha kukifungua, brashi mkononi, mahali pale pale alipozoea. Aliyaona mabuti ya Spiro badala ya mabuti ya Lorna. Moyo ulimuuma, na mkono ulitulia.

"Unaanguka," Spiro akasema, pumzi juu. "Merv, uko tayari?"

"Niko tayari."

Mti ukaegama, ukapokewa, ukalazwa polepole. Kisiki kikabaki cheupe na kibichi. Hapakuwa na nafasi ya kusimama na kusema maneno, kazi yenyewe hairuhusu, na pengine ndiyo rehema yake. Mervyn akapaka, kuzunguka ukingo mzima, nyekundu juu ya nyeupe, hakuacha hata ufa. Ndipo akaweka brashi chini na kukiwekea kisiki kiganja juu ya gamba, pembeni ya dawa.

"Tayari, mama," akasema. "Samahani nimechelewa."

Dilani akavunja tawi moja lenye maua, akamtilia Mervyn kwenye mfuko wa shati. Kwa sheria za pori, ua la mgeni huingizwa kwenye mfuko wa taka na kufungwa kamba. Wale wawili wakali walitazama pembeni.

*

Moto ulikuja ukaenda. Pori likabaki jeusi, likinuka majivu na mikaratusi, na Mervyn alilipita kwa mbali, hakutaka kuona. Halafu mvua ikanyesha vizuri, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi Spiro alimpigia simu asubuhi mapema.

"Uko wapi?"

"Nachelewa kidogo. Nafikiri leo nipumzike, Spiro. Mtaweza bila mimi."

"Merv, vaa viatu uje. Sajini amekuita."

Akaja kwa hasira, maana kuna utani na utani. Akawakuta wote wamesimama mlangoni kwa mstari, hakuna aliyegusa chai, wanatazama chini. Mahali muwati uliposimama, kuzunguka kisiki, na kwenda hadi mbali kwenye mteremko, majivu yalikuwa yamefunikwa na rangi ya buluu. Miche. Si mia, si elfu. Mbegu zote zilizoanguka tangu mti ulipochanua mara ya kwanza, kabla ya mashuka, kabla ya ugonjwa, zilikuwa zimelala pale zikisubiri joto, na sasa zimeamka kwa pamoja. Katikati yake, palipobaki upenyo, wenyeji nao walikuwa wanachungulia: jani la flana hapa, kichwa cha kangaga kule. Walikuwa wanahitaji nafasi.

"Mama yangu," Mervyn akasema.

"Na hii ni sehemu tu," Kirralee akamwambia, akimtazama usoni kwa wasiwasi. "Iliyobaki chini itaendelea kutoka kila ikinyesha. Miaka mingi. Pole, Mervyn."

Tangu siku ya kisiki Mervyn alikuwa akiamka Jumamosi bila kujua anaenda kufanya nini, na leo alikuwa ameamua asije, na mwezi ujao asije, na pole pole watu wangemzoea kwamba haji. Sasa akatazama ule mteremko wote wa buluu. Kila mche ule Lorna ndiye aliyeusababisha. Kila mmoja ulikuwa unataka mkono wa mtu.

Akaanza kutabasamu.

"Hakuwahi kufanya jambo nusu nusu," akasema.

"Alijua utajificha nyumbani," Spiro akamwambia. "Amekupangia zamu."

"Miaka mingi, umesema?" Mervyn akamgeukia Kirralee.

"Mingi."

"Mingi kuliko yangu?"

Kirralee akasita. "Pengine."

"Vizuri," Mervyn akasema. Akatoa kisu chake cha jikoni mfukoni. Dilani akamletea kigodoro cha kupigia magoti, kile cha zamani chenye jina la Lorna kwa kalamu, akakiweka kwenye majivu. Mervyn akashuka taratibu, goti la kwanza, goti la pili, akishikilia bega la Spiro. Akaanzia pale palipokuwa pazima, kando ya jani la flana. Akachomoa mche wa kwanza, akashindilia udongo, akausogelea wa pili.

"Sogea huko, Spiro," akasema. "Unanizibia mwanga."